Vidonge Katika Kopo Moja

Jumatatu, 5 Februari
Mimi Gbadebo, mpiga ngoma — nimeozesha watu wengi Ibadan kuliko maaskofu! Leo nimepewa chupa ya vidonge. Majaribio ya dawa. Selimundu, ugonjwa wangu wa damu wa kurithi, imefika kwenye figo, mkojo unatoa povu kama bia. Nusu yetu tumepewa dawa ya kweli, nusu vidonge visivyo na kitu. Hata Sista Ronke anayegawa hajui nani kapata nini. Nikamwambia vyangu ni vya kweli, nimevionja. Akasema haya, mganga, kojoa kwenye kikopo.

Benchini — Abosede! Mgonjwa kama mimi, chupa kama yangu. Miaka sita sijamwona. Mchungaji alitaka karatasi za vipimo vya damu kwanza, akazisoma, akagoma kutufungisha ndoa. Eti kila mtoto wetu atazaliwa na maumivu yetu. Kwao wakamficha.

Jumamosi, 10 Februari
Harusi. Bibi harusi ana shingo ya Abosede. Nikakosea mdundo. Mimi!

Jumatatu, 4 Machi
Miguu ya Abosede imevimba. Nikamwambia chukua chupa yangu. Akanifokea: mjinga we, ukifa nani atanipigia kelele? Basi tukamwaga vyote kwenye kopo la maziwa, tukatikisa, tukagawana. Mwenye cha kweli amlishe mwenzake. Vidonge vimeoana — bila mchungaji! Nimerudi nyumbani nikiimba.

Jumatatu, 1 Aprili
Tumegawana tena. Kanicheka kofia. Siku ishirini na nane hadi benchi lijalo. Nahesabu kama mfungwa.

Jumatatu, 29 Aprili
Naandika hapa hapa benchini. Povu langu limepungua. Figo za Abosede zimedhoofika vibaya. Daktari kamwita ndani: atafungua bahasha ya siri, aone anakunywa nini, ndipo aamue tiba. Lakini bahasha itadanganya! Kala nusu yake, nusu yangu.

Kabla ya kuingia kanishika mkono. Usiseme, Gbadebo. Watatufukuza sote wawili, na mimi nitakuona wapi tena?

Miaka sita nimeomba kusikia neno hilo. Limekuja leo!

Nasikia karatasi ikichanwa. Nimesimama. Nimekaa. Nimesimama tena, nimegonga. Daktari kafungua, anauliza una shida gani, mzee wa ngoma? Nyuma yake Abosede anatikisa kichwa, hapana, hapana. Nami, kwa mdomo wangu huu wote, nimemwambia ngoja kidogo, namalizia mstari —