Walatino Waliobadilishwa Upande

Jumanne, Murabba, Riyadh

Na asije akalia kwangu. Wiki nzima nimekusanya kura za maoni za uchaguzi wa rais wa Marekani, nikatengeneza jedwali la kuonyesha Walatino, yaani Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wa kila jimbo wanampendelea mgombea yupi. Leo msimamizi wangu, Bwana Athumani, amefuta jina langu akaweka lake.

"Jina lako la nini hapa?" akanicheka mbele ya wenzangu. "Kwani wewe unapiga kura Arizona?"

Kisha akalihamishia jedwali kwenye Kiarabu mwenyewe, mbiombio. Kiarabu husomwa kutoka kulia, kwa hiyo majina ya wagombea yakageuka upande, lakini tarakimu zikabaki zilipokuwa. Sasa kila mgombea amepewa Walatino wa mpinzani wake. Niliona papo hapo.

"Yalla, pitisha macho," akasema.

"Liko sawa, bosi," nikajibu.

Kesho atalisoma mbele ya mkurugenzi anayekuja kutoka Jeddah, mtu anayefuatilia uchaguzi ule kama wengine wanavyofuatilia mpira. Nimeifikiria sura ya Athumani pale, nikacheka peke yangu. Halafu nikaogopa. Ikama yangu, kibali changu cha kuishi huku, inaisha mwezi ujao, na haiongezwi muda bila sahihi yake. Akijua kwamba niliona...

Bado naweza kumpigia simu. Nimeishika hapa mkononi.

La. Jina langu alilifuta kwa mkono wake mwenyewe. Kesho asilitafute.