Mkoba Uliokuwa Wazi

Mama,

Mtoto amelala ndani ya kile kikapu cha vipande vya vitambaa, hapo chini ya meza ya kukatia, mahali ulipokuwa ukimlaza dada yake Waithera alipokuwa mdogo. Nimepata nafasi kidogo kabla hajaamka. Akina Mumbua wameenda kula. Nimerudisha mlango nusu ili watu wa hapa Dagoretti Corner wasinione nikilia na kalamu mkononi, waseme sasa huyu binti ameanza kurukwa na akili.

Ulienda bila kumwona. Nilikuwa na mimba kubwa, miguu imevimba, ukaniambia nisihangaike tena na safari za mjini kununua uzi, utakuwa ukienda wewe. Hilo nalifikiria sana. Ile safari ilikuwa yangu.

Ni msichana, Mama. Ana vidole virefu kama vyako.

Wa pili msichana, na si lazima nikueleze maana yake. Wa kwanza huchukua jina la mama ya baba, wa pili la mama ya mama. Waithera alibeba la mama ya Njoroge wangu. Huyu alikuja akiwa na jina lake tayari, na jina lenyewe ni lako. Mimi ndiye mtoto wako wa pekee. Nisipokuita mimi, hakuna mwingine wa kukuita. Lakini alikaa wiki nyingi sana bila jina. Kule kliniki muuguzi aliniuliza mtoto anaitwa nani, nikasema bado. Nikarudi mara nyingine, nikasema bado. Akaniangalia kama mtu aliyeokota mtoto.

Wacha nianzie mahali pengine, kwa sababu nikianzia hapo nitakasirika.

Hukunificha kitu. Kuna watu hujua maisha ya mama zao siku ya mazishi. Mimi nilijua nikiwa bado kwenye madarasa ya chini, kwa sababu uliniketisha kitandani ukanieleza kwa nini nililelewa na nyanya miaka ile na si wewe. Ulisema ulikuwa mwizi wa mifuko pale katikati ya mji, saa za jioni watu wakigombania magari. Ulisema ulikuwa hodari, na ulilitamka hilo neno bila kujisifu, kama mtu anayetaja kilema chake. Ukasema kuna mama mmoja alikuwa amesimama barabarani analia, na wewe ukapita kando yake na kibeti chake kikiwa ndani ya nguo yako, ukamwambia pole. Nilikuuliza ulirudisha? Ukasema hapana. Ungeweza kunidanganya, nilikuwa mtoto.

Jela ndiyo iliyokukalisha kwenye cherehani. Ulipotoka ulianza kwenye veranda ya hapa, unabadilisha zipu za watu na kupunguza suruali. Halafu ukapata ile akili ya kuwashonea akina mama wa soko aproni zenye mfuko wa ndani. Nakumbuka ulivyokuwa ukiziuza. Ulimwambia mteja asimame wima, ukazunguka nyuma yake kama unayempima kiuno, halafu ukaja mbele ukiwa umeshika kibeti chake. Wenzake wanacheka hadi wanajishika tumbo. Mwenyewe anacheka, halafu anaacha kucheka, anaanza kujipapasa kila mahali.

"Sasa tulia," unamwambia, "nikushonee mahali ambapo hata mimi siwezi."

Hayo maneno yalijenga hili duka. Kutoka veranda tukaingia ndani, kisha chumba cha nyuma, kisha mashine ya overloki ya kufunga pindo, kisha sare za watoto wa nasari. Wanawake wa ofisi za Hurlingham walileta suruali zao huku, wakati wana mafundi wazuri chini ya ofisi zao. Ukamwandika Mumbua siku alipotoka kifungoni, na baada yake wengine. Hukuwahi kumwuliza mtu alifanya nini. Ulimwuliza analala wapi.

Mjini ulitembea umekunja mikono kifuani kama mtu anayeenda kupokea sakramenti. Nikiwa msichana niliona aibu sana. Nilikuwa nakuambia, Mama, shusha mikono, watu wanatuangalia. Na wewe unasema, "Wacha ionekane." Miaka yote hiyo. Hata ukiwa na duka lako, na wafanyakazi wako, na kiti chako kanisani.

Jambo moja tu ndilo lililokushinda, na ni mkoba wazi. Ukiona mkoba wa mtu umeachama hukuweza kupita. Dada, funga hapo. Mama, kibeti kinaonekana. Kuna waliosema asante na kuna waliokukata jicho. Nilikuambia uwaache, watajifunza. Ukanijibu kwamba watajifunza kwa mtu kama wewe ulivyokuwa.

Sasa, ile siku. Nimeijua kutoka kwa muuza njugu wa ile barabara. Alikuja hapa baada ya mazishi, akasimama mlangoni na ndoo yake, hakutaka kuketi. Alisema ulikuwa umebeba mfuko wa uzi na zipu. Mbele yako kulikuwa na msichana wa ofisi, ameweka vile vitu vya muziki masikioni, mkoba uko begani na umefunguka wote. Ulimwita. Hakusikia. Ukamwita tena. Ndipo ukanyoosha mkono ukavuta zipu.

Kufunga, Mama. Ulikuwa unafunga.

Msichana aligeuka akaona mkono. Alipiga kelele, na simlaumu, hata mimi ningepiga. Labda ungepata nafasi ya kujieleza. Lakini kulikuwa na mzee mmoja wa mkokoteni, wa zamani pale mjini. Alikuangalia usoni, akasema, "Huyu namjua. Huyu ni wa kitambo." Ikawa imekwisha. Muuza njugu alisema hukukimbia. Uliinua mikono yote miwili juu, wazi, ili ionekane. Mengine aliniambia na sitayaandika.

Kwenye mkoba hakikupungua kitu. Yule msichana aliangalia wakati wewe tayari uko chini. Muuza njugu alisema aliketi kwenye ukingo wa barabara akashika kichwa, na wale waliokuwa na mawe wakawa wanaondoka mmoja mmoja kama watu waliokumbuka wana kazi mahali.

Tulikuzika vile tulivyoweza. Katekista alisema dada yetu ametuacha ghafla akiwa mjini, akaruka hapo haraka haraka. Wasifu ulianzia kwenye cherehani, kana kwamba ulizaliwa ukiwa fundi. Niliinamisha kichwa tu. Lakini akina mama wa soko walikuja, Mama. Walisimama nyuma kabisa, na chini ya makoti yao walikuwa wamevaa aproni zako.

Mtoto akazaliwa baada ya hapo. Mama ya Njoroge akaja na uji, na nguo za mtoto alizofuma mwenyewe, kwa sababu unajua si mtu mbaya. Alimwogesha vizuri. Alipofika kwenye mkono alifungua ngumi ya mtoto, akaangalia vidole. Akavikunja tena kimoja kimoja. Akasema, "Huyu tumwite Wahu, kama dada yangu."

Nilisema huyu jina lake linajulikana. Akasema najua, lakini hilo jina tuliache lipumzike. Nikamwangalia Njoroge. Njoroge ni mume mzuri, anafua nepi za mtoto bila kuambiwa na hajali jirani gani wa Kinoo anamwona. Mbele ya mama yake lakini anakuwa mdogo. Aliniambia tumpe mama muda. Muda ukaenda. Mtoto akawa anaitwa mtoto.

Siku moja nikachoka, nikaenda kwa mama ya Njoroge mwenyewe, shosho wa watoto wangu, jikoni kwake. Nikamkumbusha siku ile walipokuja kwetu kwa mambo ya mahari. Chakula kiko mezani, wazee wamenawa mikono, ukasimama. Mjomba akakuvuta nguo uketi, ukakataa. Ukawaambia, "Kabla hamjakula kwangu mnijue. Nilikuwa mwizi, nilifungwa, nikatoka. Huyu msichana hajawahi kuchukua kitu cha mtu." Hakuna kijiko kilichosonga. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Na ni yeye, shosho, aliyevunja ule ukimya. Alisema, "Umejisema mwenyewe. Basi tule." Akawa wa kwanza kupakua.

Nikamwuliza, shosho, ulikula kwake. Kwa nini sasa?

Alikuwa akichambua mboga za sukuma. Hakuinua macho. Alisema wakati ule ulikuwa hai, mtu akikusema unamjibu. Sasa watu wanasema jinsi ulivyokufa, na atakayejibu ni huyu mtoto, shuleni, na wenzake wakificha kalamu akikaribia. Mtoto hufuata aliyeitwa jina lake, akasema, na wewe ulivyofuatwa na hilo jina la mwizi mpaka mwisho tumeona sote.

Nikamweleza yale ya muuza njugu. Zipu, kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza kwa upole, na ule upole ndio ulioniumiza, "Na mkono wake ulifuata nini kwenye mkoba wa mtu?"

Nilirudi nyumbani na titi limejaa na mtoto analia, na mimi nimekaa tu na hilo swali. Kwa sababu na mimi nilikuwa nimejiuliza. Sikukufikiria vibaya, hapana. Lakini nilijiuliza kwa nini hukumwacha aende zake na mkoba wake wazi, uje nyumbani umwone mjukuu. Nakukasirikia bado, siku nyingine. Nakanyaga cherehani nikikukasirikia mpaka sindano inavunjika.

Jibu limekuja polepole, nikinyonyesha, nikikata kola. Mkono ulifuata zipu. Ni hilo tu. Ule mkono ulijua njia moja, na ulipotoka jela hukuukata, uliugeuza. Miaka yote uliyokuwa ukishona ulikuwa unafunga mifuko ya watu. Siku ile ulifunga mmoja bila kuomba ruhusa.

Ubatizo ukafika. Ukoo wao ulikuwa umeshakubaliana, padri ameshaambiwa ni Wahu. Mimi sikubishana tena. Nilikaa hapa kwenye cherehani yako nikamshonea gauni jeupe, na ndani, upande wa moyo, nikaweka mfuko mdogo sana. Wifi yangu alipomvalisha aliuona, akacheka, mtoto mchanga na mfuko wa nini? Nikamwambia ni wa kwake.

Pale mbele padri akauliza, mtoto huyu mnampa jina gani. Njoroge akafungua mdomo. Akamwangalia mama yake, akaniangalia mimi, mdomo ukabaki wazi.

Nikasema, "Nyokabi."

Padri akainua macho kutoka kwenye kitabu. Akauliza, "Nani?"

Na sasa sikiliza, Mama. Ni Njoroge aliyejibu. Macho chini, sauti ya chini, lakini alijibu. "Nyokabi. Jina la mama yake na mama ya mtoto." Hata alichanganya maneno kwa uoga, maskini, padri akabaki anatafuta ni mama ya nani, lakini jina lilikuwa limesikika mpaka kwenye benchi za nyuma. Maji yakamwagwa. Mtoto alilia kwa nguvu, ana mapafu.

Sitakudanganya kwamba mambo yalitengenea. Shosho hakupiga kelele. Alijifunga kitambaa chake vizuri, akatoka kabla ya chakula, na wifi zangu wakamfuata. Tulibaki na sufuria zimejaa. Mpaka leo hamtaji kwa jina. Akija kumwona Waithera anauliza, "Na huyu ameshiba?" Akimbeba anazikunja zile ngumi kwanza. Njoroge habishani naye, lakini jioni akirudi kutoka kazini anaita mlangoni kwa sauti, Nyokabi, majirani wasikie. Najua inamgharimu.

Juzi uzi uliisha. Nikaenda mjini mwenyewe, mtoto mgongoni. Nilikuwa nimekwepa ile barabara tangu siku hiyo, lakini mwenye uzi wetu yuko hapo hapo, hakuna njia nyingine. Muuza njugu alikuwepo. Aliniona, akatoa kofia. Nilipita nikiwa nimekunja mikono kifuani. Sikujua nimeikunja mpaka nilipotaka kupangusa uso.

Na mbele yangu, Mama, mkoba wazi. Mama mmoja wa makamo, ana haraka, kibeti chekundu kimetokeza kabisa. Nikasema, "Mama, mkoba wako." Hakusikia. Nikasema tena kwa nguvu. Akageuka, akaubana mkoba kwapani, akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, mimi na mtoto wangu, akaongeza mwendo. Hakusema asante. Lakini aliufunga. Nilisimama pale mpaka akapotea, nikafikisha uzi nyumbani.

Mtoto anajigeuza. Ataamka sasa hivi.

Duka liko. Overloki inasumbua, Mumbua anaitukana kwa Kikamba na inatii. Kiti chako hakuna anayekikalia isipokuwa Waithera, naye nimemruhusu. Kuna msichana atatoka kifungoni hivi karibuni, yule uliyemwahidi mahali. Nimemtumia ujumbe aje. Nitamwuliza analala wapi.

Na huyu wako nitamwambia yote akifika umri ule niliokuwa nao siku uliyoniketisha kitandani. Nitamwambia kuhusu yule mama aliyelia na kibeti ulichokwenda nacho. Nitamwambia na ya zipu. Sitaruka hapo kama katekista. Wenzake wakificha kalamu atakuwa na la kuwajibu, na asipokuwa nalo atakuja hapa kwangu tulitafute. Nitamfundisha kuwaambia watu wafunge mikoba yao. Kwa mdomo, Mama. Kwa mdomo tu. Mikono yake itabaki kwake.

Lala sasa. Pumzisha hiyo mikono, hakuna anayeiangalia tena. Jina lako nimelishonea mahali ambapo hata wewe usingeweza kulichomoa.

Ni mimi,
Shiku wako