Radhi za Kipa

Garissa, 4 Mei 2025

Aabo,

Assalamu alaikum. Mimi mzima, alhamdulillahi. Hujambo wewe, na mama, na ngamia? Mvua imefika Griftu? Naandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Jana tumecheza robo fainali ya Kombe la Kaskazini. Tumepita, lakini si kwa ajili yangu. Mimi kipa mzima nimefungwa mabao mawili ya kitoto. Tangu niondoke nyumbani mikono hii si yangu. Asubuhi ile nilikwambia naenda Garissa kucheza mpira, nikanyoosha mkono nikuage, ukanipa mgongo ukaenda zako. Hukuniombea dua. Nauliza tu, Aabo: ulinilaani? Kama sina radhi zako sitasimama golini tena. Nusu fainali ni Jumamosi. Nijibu kabla.

Mwanao, Deeq

Garissa, 11 Mei 2025

Aabo,

Assalamu alaikum. Naomba muwe wazima, maana jibu sijaliona, na kimya chako nimekielewa.

Jana nilimwambia kocha mkono unaniuma. Ni uongo. Akacheza Mowlid, kipa wa akiba, tukashinda moja bila. Wenzangu wakarukaruka, mimi nikakunja jezi yangu ikiwa safi. Fainali ni Jumamosi, na timu ya Lafey. Sasa Mowlid ameteguka kifundo cha mguu, na kocha ananiuliza habari za mkono kila saa. Naogopa timu nzima isije ikaponzwa na mimi.

Mwanao, Deeq

Griftu, 14 Mei 2025

Deeq mwanangu,

Waalaikum salaam. Sisi wazima, na mvua imenyesha mpaka mama yako anaomba jua. Barua zako zote mbili zimefika leo, maana Gelle anayezibeba alikwama matopeni na lori lake wiki nzima akija huko Garissa, akazichukua pamoja. Anayeniandikia ni Mwalimu Issack. Hati nzuri ni yake, maneno makali ni yangu.

Nikulaani kwa sababu ya mpira? Nilikasirika, ndiyo. Nilitaka ubaki na ngamia. Lakini hasira si laana, na mtu wa miaka ishirini na mbili anapaswa kujua hilo. Asubuhi ile ngamia mweusi alikuwa anazaa nyuma ya boma, na ndama alitanguliza miguu ya nyuma. Nilikimbia. Niliporudi gari lilikuwa limeondoka. Nikakuombea dua palepale njiani, mikono ikiwa na damu. Dua ilitoka, ila wewe hukungoja.

Ndama ni jike, mzima. Nimekutengea wewe.

Kosa lako ni moja: umemdanganya kocha. Kamwambie ukweli kabla hujavaa glavu. Radhi unazo.

Aabo wako

Garissa, 18 Mei 2025

Aabo,

Assalamu alaikum. Mimi mzima, leo mzima kweli.

Gelle alinikabidhi barua uwanjani, saa moja kabla ya mechi. Niliisoma mara mbili, nikakaa chini nikalia, kisha nikamwendea kocha. Alinigombeza vya kutosha, halafu akanitupia glavu. Tulitoka sare, ikaja mikwaju ya penalti. Nilipangua miwili. Wetu walikosa mitatu, kombe limekwenda Lafey.

Wenzangu wananishangaa. Nilikula sahani mbili za wali, nikalala mpaka adhana ya alfajiri.

Ijumaa napanda lori la Gelle. Nakuja kukushika mkono na kumwona ndama wangu. Nikikuta ngamia mwingine anazaa, safari hii nitangoja.

Mwanao, Deeq