Kifaa cha Rada Kimelia Uani

Noreen, usinipigie, andika tu.

Kile kifaa cha kunasa rada za polisi za kupimia mwendo wa magari, alichoniachia kaka Dwight garini, kimelia. Hapa nyumbani! Uani kwangu!

Asubuhi kililia nje ya kanisa. Mchana kikalia nikinunua mahindi. Nikajua kibovu, nikampigia Dwight. Akacheka: "Kibovu wapi, dada! Kikilia hivyo, kuna polisi kawasha rada. Halafu kifiche, hapo Virginia wakikukuta nacho ni kosa."

Kuna polisi kawasha rada. Shoga, polisi gani anipige rada kanisani?

Travis. Mume wangu wa zamani, yule polisi, aliyekatazwa na hakimu asinisogelee. Gari lake la kazi liko ng'ambo ya barabara sasa hivi, limenielekea. Nimwite nani? Polisi wenzake? Na kifaa chenyewe haramu?

Subiri, simu imeingia ujumbe.

Ni yeye. "Umekisikia? Nimekuwashia makusudi."

Makusudi, Noreen! Kaandika makusudi!

Noreen, namba hii ni mpya. Nimewapa watu wawili tu, Dwight na wewe. Dwight nimeshamuuliza, hajampa mtu.