Maharage ya Mtihani wa Bosi

Shemeji, kibarua changu nusura kiote nyasi leo!

Unamjua bosi wangu, yule injinia anayesoma uzamili wa kubana umeme kila Jumamosi. Kibanda chetu cha walinzi ametuzimia feni, ofisini kwake kiyoyozi kinanguruma. Basi leo kaleta mhadhiri na mainjinia wenzake kwa mtihani wa vitendo. Anajigamba: "Jengo hili halipotezi umeme hata chembe."

Na mimi maharage yangu yanachemka kwenye jiko la umeme. Ndani ya kabati la sare. Kabatini, shemeji!

Walipofika kibandani kwetu, mhadhiri kaelekeza kamera yao inayoona joto. Kabati zima likawa jekundu kwenye kioo cha kamera.

"Hiki nini?"

Bosi kanitazama, nikajua ndiyo nafukuzwa. Mara akamgeukia mhadhiri: "Hilo ni jaribio langu, mwalimu."

JARIBIO LAKE! Maharage yangu!

Wakafungua, mvuke ukawapiga usoni, miwani ikaingia ukungu. Mhadhiri akafurahi: "Umeiacha sufuria wazi makusudi, tuone joto linavyopotea?"

"Makusudi kabisa," bosi akajibu, jasho linamtiririka.

Kasifiwa mpaka kapigiwa makofi. Wakubwa bwana, hata uongo wao unapewa alama.

Wageni walipoondoka nikaanza kufunga virago. Bosi akanizuia:

"Unakwenda wapi, mzee? Jumamosi ijayo anakuja mtahini mwingine. Pika tena, na usifunike."

Dada yako, Mungu amrehemu, alinigombeza nifunike sufuria mpaka anaingia kaburini. Leo nalipwa mshahara niiache wazi.