Kifaransa cha Magokoro

Kapsoit, 11 Februari 2024

Mwanangu Nyang'au,

Hamjambo huko Lille? Baridi imepungua? Mimi ni mzima, ila magoti yanasumbua mvua ikikaribia. Nimeandika kwa mkono na Phanice wa jirani ameipiga picha akutumie, kwa sababu kwenye simu mnaniharakisha.

Krismasi kwenye simu mjukuu wangu Sagini aliniambia maneno mengi nikashika moja tu, "grand-mère", yaani magokoro, nyanya. Jameni, niliona aibu! Mimi niliyefundisha Kifaransa miaka sita kabla shule haijaliondoa hilo somo! Tangu nianze ukarani hapa kituo cha majani ya chai ni miaka ishirini na mbili, na sijapata wa kuniambia hata bonjour.

Basi nimefungua lile sanduku la vitabu vyangu vya kufundishia. Panya wamekula nusu ya daftari, lakini wameniachia vitenzi. Asubuhi nikipima majani ninasoma kilo kwa Kifaransa moyoni. Juzi ikanitoka kwa sauti, Chepkemboi, mkulima aliyeleta majani, akauliza kama nimeanza kuliombea gunia lake.

Mkija Agosti nataka niongee na Sagini mwenyewe, wewe usikae katikati ukitafsiri. Ana miaka sita na hajaelewa neno langu hata moja. Hilo linaniuma sana.

Msalimie mkeo Aurélie.
Mama yako, Esnah

Lille, 3 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, Sagini ameng'oka jino la mbele. Pole na magoti, tafadhali nenda hospitali usingoje.

Mama, usijisumbue na Kifaransa. Mtoto ataanza Kiingereza shuleni, mtaelewana polepole. Makosa ni yangu. Nilitaka kumfundisha Ekegusii, au hata Kiswahili, nikirudi kazini nachoka nasema kesho. Kesho imefika miaka sita.

Lakini ukitaka, tutapiga Jumapili ya Pasaka uongee naye. Aurélie amefurahi kusikia unajifunza tena.

Mwanao, Nyang'au

Kapsoit, 21 Aprili 2024

Mwanangu,

Mko wazima kweli? Nauliza kwa sababu Jumapili tatu zimepita bila simu.

Nilijitayarisha mwezi mzima. Siku ya Pasaka mtoto alipokuja kwa simu nilimwambia, "Bonjour, mon mari. Tu m'as laissée sans sucre." Habari mume wangu, umeniacha bila sukari. Kama nyanya yako alivyokutania wewe mpaka ukaenda kujificha ghalani, unakumbuka? Na huyu ana jina la marehemu baba yako, nitamwitaje tena?  Halafu nikasikia Aurélie, sauti kali, na simu ikakatika.

Nimerudia hiyo sentensi kwa daftari neno kwa neno. Haina kosa. Sasa nimefanya nini? Niambie, siwezi kupima majani vizuri. Jana nilimwandikia Chepkemboi kilo za mtu mwingine, bahati nzuri ni mtu wa kucheka.

Mama yako, Esnah

Lille, 2 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya.

Aurélie alishtuka. Aliniuliza ni nyanya gani anamwambia mtoto wa miaka sita kwamba ni mume wake. Huku utani huo haupo, Mama. Mtu akisikia hivyo anafikiria mambo mabaya kabisa. Sagini naye alianza kulia alipoona mama yake amekasirika.

Nilipaswa kumweleza. Badala yake nilisema umezeeka, Kifaransa kimekutoka, ulitaka kusema neno lingine. Hakuniamini. Amesema Agosti hatuji.

Sijui nifanye nini.

Mwanao, Nyang'au

Kapsoit, 10 Juni 2024

Nyang'au,

Leo salamu ni fupi. Niko mzima na nimekasirika.

Kifaransa changu hakikuwa na kosa hata moja! Ulinisingizia ukapata kupumua. Mke wako ameogopa kwa ajili ya mtoto wake, hivyo ndivyo mama anatakiwa kuwa, simlaumu. Nakulaumu wewe. Umeishi na huyo msichana miaka tisa na hujawahi kumwambia kwetu mjukuu hutaniwaje?

Nimemwandikia barua mwenyewe, kurasa nne, Kifaransa changu cha panya. Wiki nzima ya kufuta na kuandika. Nimemweleza utani wetu, na kwamba kwetu nyanya asiyemtania mjukuu watu huuliza kama anampenda. Nimemwambia pia juu ya baba yako, kwamba tangu tumzike hakuna mtu mwenye jina lake ambaye nimeweza kumgombeza kwa ajili ya sukari.

Nimeipeleka posta Kericho mwenyewe. Ikifika mpe ikiwa imefungwa. Usisome, usirekebishe, usimweleze.

Mama yako

Lille, 28 Julai 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo tena. Natumai hasira imepungua na magoti pia.

Barua ilifika wiki tatu baadaye. Aurélie aliisoma jikoni akiwa amesimama, akakaa, akairudia. Kisha akaniuliza, "Ulijua yote haya, ukaniacha nimfikirie mama yako vile?"  Siku mbili nililala sebuleni, na nilistahili.

Siku ya tatu alimpakata Sagini akamsomea ukurasa wa utani. Mtoto alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Sasa darasa zima linajua ana mke Kapsoit anayepima majani.

Tunafika tarehe tisa Agosti, Mama, wote watatu. Aurélie anasema makosa ya sarufi ni mawili tu, na hatakuonyesha.

Sagini amefungasha begi lake mwenyewe. Ameacha viatu vya mvua nje ili boksi la sukari litoshe. Nilimwambia kwa Magokoro sukari iko, nikataka kulitoa. Alinishika mkono akaniambia niiache, ni ya mke wake.

Mwanao, Nyang'au