Kiti cha Ijumaa

Weee, acha kila kitu usome!!

Dada yangu na mumewe wamefika kasino leo mchana, mapumziko yao ya kwanza, ya bei poa. Dada kabeba mayai ya kuchemsha ili wasinunue chakula.

Mlinzi akampigia shemeji saluti: "Bosi! Kiti chako cha Ijumaa kipo wazi."

CHA IJUMAA!!

Dada akamgeukia: "Ijumaa si huwa zamu ya ziada, ile wasiyokulipa?"

Shemeji anamenya yai. ANAMENYA YAI!

Dada akamnyang'anya. "Mabosi hawali mayai yangu." Kapanda basi, anarudi peke yake.

Na mimi mjinga nilisimama na bango getini kwenye kiwanda anachofanyia kazi shemeji miezi mitatu, nadai alipwe zamu hizo!

Bango bado ninalo. Shemeji akirudi atalikuta mlangoni kwa dada.